Mafuta Yenye Ukungu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Msimu umefunguka. Mashine inanguruma tangu saa moja asubuhi, na foleni ya magunia ya alizeti imefika mpaka kijiwe cha bodaboda. Iguguno yote inanukia mafuta mapya. Mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo kazi yangu ni kusimama. Nimesimama vizuri sana.

Ila uso! Saa nne tu, joto la mashine lilipokutana na la jua, mashavu yakaanza kuwaka. Siyo kuwasha — kuwaka. Kama mtu ameshika pasi ya mkaa karibu na pua yangu na amesahau kuondoka nayo. Ezekieli akaniuliza, mzee Meki, jua limekupiga? Nikamwambia jua likitaka kunipiga mimi litafute tochi kwanza. Mtu mweusi kama sufuria la msibani, litamwona wapi? Akacheka kidogo, kwa adabu. Huyu bwana anacheka kwa kipimo. Ni Mnyaturu wa Issuna, ana miaka arobaini na watoto wanne, na ndiye anayeendesha mashine. Fundi kweli. Kicheko tu ndiyo hana.

Nimejiangalia kwenye kioo. Vipele saba puani, vinne shavu la kushoto. Havina kichwa cha kukamua, nimejaribu. Nina miaka hamsini na tatu — chunusi za nini? Na pua yenyewe naona imenenepa. Mwili mzima haujaongezeka kilo miaka kumi, pua ndiyo imeamua kula kwa niaba ya wote.

Nashuku sabuni. Mke wangu Janeth amebadilisha sabuni tangu Pasaka na hakunishauri.

Jumatano, 4 Juni

Sabuni haina kosa. Janeth anaogea hiyohiyo na uso wake kama wa bibi harusi. Nikamwambia hivyo. Akasema, Baba Peniel, ukianza kunisifia najua kuna jambo. Kweli lilikuwepo. Nilitaka kupita kwa Raymond bila kuulizwa.

Raymond ana duka la dawa. Hajawahi kushindwa na ugonjwa wowote, huyo. Wewe una tatizo, yeye ana tyubu. Akanipa kwa kuninong'oneza kama tunauziana bangi: ileile, mzee, asubuhi na jioni. Na inafanya kazi! Siku tatu uso unatulia, vipele vinalala, naonekana kama nimetoka likizo. Shida ni ukiiacha.

Janeth akaiona mfukoni. Tyubu ya ngapi hiyo? Nikasema ya pili. Ni ya nne. Daftari hili peke yake ndilo linajua, na nalificha kwenye kabati la spea za mashine ambako mke wangu hafiki.

Na nisisitize, maana hata mimi nahitaji kusisitiziwa: siyo mkorogo. Mkorogo ni wa kujichubua. Hii ni dawa, ina boksi, na ndani kuna karatasi. Karatasi sijaisoma. Maandishi yake madogo kama chawa.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Nimesoma somo la pili, kama mzee wa kanisa. Nilipoinua kichwa, waumini wote walikuwa wanaangalia pua yangu, siyo kusikiliza Neno. Nilikuwa nimeshaanza kushuku mlangoni, mama mmoja wa kwaya aliponiambia, mzee, siku hizi unang'aa! Kung'aa ndiyo nini? Mwanamume wa umri wangu anang'aa kwa sababu mbili tu, na mchungaji haipendi hata moja.

Nje, Magdalena akamaliza kazi. Nesi mstaafu huyu, miaka thelathini zahanati, Msukuma aliyeolewa kwetu — kwa hiyo mtani wangu. Mnyiramba na Msukuma! Miaka ishirini na mbili tunatukanana mbele za watu na hakuna aliyewahi kununa, maana kununa hakuruhusiwi. Akapaza sauti mpaka vijana wa pikipiki wakageuka: "Jamani, Mnyiramba anajichubua! Anatafuta mke wa pili, ameona aanze na ngozi!"

Watu hoi. Nikamwambia arudi kwao akalinde michembe yake ya viazi vikavu kabla ng'ombe hawajaimaliza. Tukacheka.

Halafu akanisogelea, akachungulia jicho langu la kushoto kama anachungulia chungu. "Na hili jekundu la nini? Litapofuka hili, Mnyiramba. Nenda Singida likaonwe, nisije nikabaki na mtani anayenitukana huku anaangalia ukuta."

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Mdomo ule!

Jumatano, 11 Juni

Niliacha tyubu siku mbili, kumwonyesha Janeth kwamba mimi si mtumwa. Wa tyubu, yaani. Wa Janeth ni mtumwa tangu mwaka tisini na nane.

Leo uso umelipuka. Mashavu yamevimba, yanachoma hata upepo ukipita. Chai ya moto nimeishindwa! Mimi! Janeth akasema twende hospitali. Kwa vipele? Nikae kwenye benchi katikati ya wajawazito na watu waliokatwa na mapanga, halafu niseme nini — daktari, pua inanisumbua? Tena najua watakavyonitazama. Macho mekundu, pua kubwa: wataninusa kabla ya kunipima. Pombe nimeiacha mwaka 2009, lakini pua yangu inatoa ushuhuda mwingine.

Nimerudi kwenye tyubu. Kimyakimya.

Jicho la kushoto lina mchanga. Nimeliosha kwa maji, nikaliosha kwa chai ya rangi iliyopoa, mchanga uko palepale. Nashuku vumbi la maganda.

Jumamosi, 14 Juni

Jambo jipya, na hili silipendi.

Mafuta yakishatulia kwenye pipa, mimi huchota kidogo kwenye chupa ya kioo, nafumba jicho la kulia kama mtu anayelenga bunduki, naiinua chupa juani na kuangalia kwa la kushoto. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Mafuta mazuri unaona kidole chako upande wa pili, na mistari yake yote. Nikisema safi, yanaingia kwenye madumu na madumu yanasimama barabarani. Nikisema bado, yanarudi kwenye chujio. Madereva wa malori yanayoelekea Shelui wanasimama kwetu kwa sababu ya chupa hiyo. Laurenti, mwenye mashine, anakaa Singida mjini na akipiga simu anauliza moja tu: Meki ameinua chupa? Ameinua. Basi.

Leo nimeinua — ukungu! Kama mtu amekipumulia kioo. Nikafuta chupa kwa shati. Ukungu. Nikamwita Ezekieli. Akaiinua, akaitazama, halafu akanitazama mimi.

"Mzee, mbona ni safi."

Safi! Niko kwenye mafuta miaka kumi na sita. Nikamwambia rudisha kwenye chujio. Akarudisha. Hakubisha hata kidogo.

Kwa nini hakubisha?

Jumanne, 17 Juni

Mapipa matatu, yote ukungu. Nikisema chuja, anachuja. Naangalia tena, ukungu. Wateja wamengoja tangu jana na sasa wananinunia mimi.

Nimeanza kumchunguza. Anafika kazini kabla yangu. Ana mfuko wa turubai ambao haufungui mbele za watu. Mchana anakula peke yake nyuma ya banda, wakati mama lishe yupo hapohapo mbele. Mtu mwema ana haja gani ya kwenda nyuma ya banda? Nadhani anachanganya. Maji? Mawese? Na yale mazuri yanakwenda wapi?

Nimefanya jaribio kwa siri. Nimemwomba mama lishe kijiko na nafasi kwenye jiko lake, nikayapasha moto. Mafuta yenye maji hulia — tatata! Haya yalinyamaza. Nikaonja. Alizeti tupu.

Kwa hiyo ni mjanja kuliko nilivyofikiri.

Na uso wangu nilipouinamisha pale jikoni! Nisiandike.

Alhamisi, 19 Juni

Mwanga unauma. Siyo kuchosha — kuuma. Nimevaa miwani ya jua aliyoiacha Peniel alipokwenda chuo, na kofia juu yake, nimekaa kivulini na chozi linatoka lenyewe bila msiba.

Magdalena akanikuta. "Mwanamuziki wa dansi kafika! Bendi iko wapi?" Nikamwambia bendi inangoja tumbo lake, ndiyo ngoma. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema ameshaanza mazoezi ya msiba wangu, maana mtani ndiye anayemwigiza marehemu, na hataki kuja kuaibika siku hiyo. Ataingia amefumba jicho moja, anapapasa kuta, anauliza chupa yangu iko wapi, nani kachukua chupa yangu. Akasimama akaonyesha kabisa! Anapapasa hewa, anapapasa kichwa cha mteja. Mama lishe alimwaga mchuzi kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka jicho likachoma kama limeingia mwiba.

Akiondoka, kwa sauti ileile: "Na hizo tyubu za Raymond kazitupe chooni."

Kicheko kikakatika. Amejuaje? Janeth? Janeth anajua ya pili tu. Raymond? Raymond anaficha siri za wateja kuliko padri. Kuna mtu ameniona ninajipaka nyuma ya banda.

Na nani yuko nyuma ya banda kila mchana?

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwondoa Ezekieli.

Dereva mmoja alikataa kungoja, akavuka barabara akanunua kwa wenzetu. Hapo nikampigia Laurenti. Bosi, mafuta yanachezewa. Akauliza, una uhakika? Nikasema nimeyaona kwa jicho langu. Akasema mwondoe leo.

Nilimwambia pembeni, nimevaa miwani ya mwanangu, mikono nyuma kama hakimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza akaenda kuizima mashine, akaipangusa, akaweka spana kila moja mahali pake. Kisha akarudi. "Mzee Meki, mimi ni mdogo wako, siwezi kubishana na wewe. Ila wape watu watatu waiangalie hiyo chupa." Nikasema hapa si mkutano wa kijiji. Akachukua mfuko wake wa turubai, akaufungua bila kuombwa, akaugeuza chini juu. Zikadondoka fulana, kijiko na bakuli la viazi vitamu vya kuchemsha, vimepoa.

Viazi vitupu. Ndiyo maana anakula nyuma ya banda.

Akaviokota. Akasema haya mzee, kazi njema. Natamani angenitukana.

Nimemwambia Janeth kwamba leo nimesafisha kazi. Akaniletea chai, ya vuguvugu.

Jumatano, 25 Juni

Nimeendesha mashine mwenyewe. Gunia nimelichagua mwenyewe, mbegu nimezipepeta mwenyewe. Nimekamua, nimechuja mara mbili, nimengoja yatulie. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Saa nane nikachota, nikafumba jicho la kulia, nikainua chupa.

Ukungu.

Nikakaa juu ya gunia. Nikavua miwani. Ng'ambo ya barabara kuna bango la saluni, nikaliangalia kwa jicho lilelile la kushoto: wingu jekundu. Nikabadilisha, nikafumba la kushoto nikaangalia kwa la kulia: SALUNI YA KISASA, na namba ya simu mpaka tarakimu ya mwisho.

Miaka kumi na sita naangalia mafuta kwa la kushoto. Sijawahi hata siku moja kuinua chupa kwa la kulia. Nikaiinua. Nikaona kidole changu, mistari yote.

Mteja akaniuliza, mzee, vipi, ni safi? Nikasema safi. Ni safi tangu tarehe kumi na nne.

Nikaenda kwa Magdalena. Sikwenda kutibiwa. Nilitaka mtu wa kunitukana, na yeye ndiye bingwa. Nilimkuta anapepeta choroko. Nikaanza mwenyewe: "Msukuma, furahi! Mafuta ya Iguguno yote mazima, mbovu ni Mnyiramba." Hakucheka. Aliweka ungo chini, akanawa mikono kwa sabuni, akanivua miwani, akawasha tochi ya simu. Nikaruka kama ndama. Akauliza polepole: maumivu tangu lini? Mwanga unauma tangu lini? Ukungu je? Nikajibu kama mtoto wa shule.

"Ndugu yangu Melkizedeki," akasema.

Jina zima! Miaka ishirini na mbili sijalisikia mdomoni mwake. Sikujua hata kama analijua. Akasema hili siyo la wiki ijayo. Akapiga simu hapohapo, akaambiwa daktari wa macho ameshatoka, anaingia kesho asubuhi. Basi kesho gari la kwanza, na tyubu isiguse uso wangu tena.

Nikamuuliza nani alimwambia habari za tyubu. Ngozi yako, akasema. Imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, inang'aa, mishipa inaonekana. Nimeziona nyuso hizo zahanati miaka thelathini.

Kwa hiyo hata hilo siyo Ezekieli.

Nikasema, mbona hukuniambia? Akasema nimekuambia kanisani, nimekuambia kivulini. "Lakini ulikuwa unatania!" Akaniangalia. "Sasa wewe nimekuzoesha mdomo gani mwingine?"

Nimeogopa. Siyo kwa ajili ya ukungu wala maumivu. Nimeogopa kwa sababu leo hakunitania.

Alhamisi, 26 Juni

Singida mjini. Naandika nimefumba jicho moja, mistari inapanda mlima.

Daktari wa macho ni binti mdogo. Nikamshuku mara moja: huyu amemaliza lini? Akanidondoshea dawa ya njano, akanimulika taa ya bluu, akachungulia muda mrefu kuliko ninavyopenda madaktari wachungulie. Kisha akasema kuna kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho la kushoto. Na siyo vumbi.

Halafu akahama kabisa kwenye jicho, akaanza kuuliza habari za uso. Unawaka ukikaa juani? Ukinywa chai ya moto? Ukila pilipili? Ukisimama karibu na joto? Tangu lini? Nikasema miezi michache. Janeth akasema miaka mitatu. Unapaka nini? Nikasema, aa, kitu kidogo tu —

Janeth akafungua mkoba. Akapanga mezani tyubu nne, tatu zimeminywa mpaka shingoni. Zile tupu alikuwa anaziokota jalalani moja baada ya nyingine tangu Februari. Na mimi nilijiona mjanja wa kuficha!

Daktari hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema krimu hii inauzima moto leo na kesho unarudi mkubwa zaidi. Ugonjwa wenyewe akaniandikia kwenye karatasi: rosasia. Jina kama la binti wa kwaya. Si pombe, si mkorogo, hauambukizi, na hakuna mtu aliyenirogea pua. Akasema watu weupe huonekana wekundu mapema, sisi wekundu hauonekani, tunauhisi tu kama moto, kwa hiyo tunaambiwa ni chunusi na tunachelewa. Na wengine hawajui kabisa kwamba ugonjwa huohuo wa usoni unaingia machoni.

Nikamuuliza nilipaswa kuja lini. Nilitaka aseme, baba, umewahi. Akasema uso unaowaka mara kwa mara na vipele vinavyokaa majuma, hapo ungekuja kwa nafasi yako. Pua ikianza kunenepa, usingekaa. Jicho kuwa na mchanga na wekundu usiotoka, wiki ileile. Mwanga kuuma, jicho kuuma, kuona ukungu — siku ileile, baba, siyo kesho yake.

Stesheni zote hizo nimezipita bila kusimama, kama treni ya mizigo.

Kwenye ubao wa herufi, jicho la kushoto limesoma herufi moja. Ile kubwa ya juu, ambayo hata ng'ombe angeisoma. Nikamuuliza, litarudi? Akasema hawezi kuniahidi. Matone kila saa, vidonge, uso usiguswe na kitu ila alichoandika yeye. Jumamosi asubuhi anione. Kidonda kikipungua, narudi nyumbani na dawa. Kisipopungua, Dodoma.

Ijumaa, 27 Juni

Tumefikia kwa Scola, mdogo wake Janeth. Kila saa matone. Janeth ananishika kope kama anafungua ganda la karanga.

Uso unawaka kuliko siku zote. Daktari alionya: ukiacha krimu utawaka kwanza ndipo utulie. Natamani tyubu. Nakiri hapa tu.

Nimempigia Laurenti. Nikamweleza yote, jicho, chupa, ukungu. Akauliza, kwa hiyo Ezekieli hana kosa? Hana, bosi. Na umemwondoa? Nikataka kusema wewe ndiye ulisema nimwondoe — nikameza. Nimemwondoa. Akasema basi wewe ndiye umpigie, mimi sina uso wa kumpigia. Na mimi ninao? Uso gani!

Nimempigia mara tano. Inaita, haipokelewi. Mara ya tano nikaanza kushuku kwamba ananikomoa makusudi. Kisha nikaona aibu. Wiki mbili nimemshuku mtu kwa kufika mapema, kwa kula viazi, kwa kutokubisha. Kushuku kwangu kungetosha wilaya nzima, na hata siku moja hakukuelekea kwenye jicho lililokuwa linashuku.

Magdalena akapiga. Matone ya mwisho saa ngapi? Maumivu yakoje? Kavu kabisa, kama anajaza fomu. Nikamwambia nitukane kidogo, Msukuma, hata neno moja, nipumue.

"Siku utakayoniangalia kwa macho mawili," akasema. Akakata simu.

Jumamosi, 28 Juni

Benchini tangu saa moja na nusu. Watano mbele yangu.

Ujumbe wa Ezekieli umeingia tukiwa njiani. "Mzee nimesikia kwa nesi habari za jicho. Pole sana. Daktari anasemaje?" Basi. Hakuna habari ya kazi, hakuna habari ya mfuko wake wala ya viazi vyake kumwagika mbele yangu. Sijamjibu. Nimeandika mara nne, nimefuta mara nne. Siwezi kumwambia samahani kwa vidole. Nataka nifike Issuna alikorudi, nimkute kwake, watoto wakiwepo na mkewe akiwepo, niseme mafuta yalikuwa safi. Leo hii. Kesho atakuwa ameshatafuta kazi kwingine, na mimi nitakuwa Dodoma nimefungwa kitambaa.

Jicho? Sijui. Asubuhi nilidhani naona sahani ya Scola vizuri. Halafu nikakumbuka kwamba sahani naijua.

Watatu mbele yangu.

Sasa kuna jambo. Mlango wa daktari haufungi vizuri. Kila mgonjwa anazisoma herufi kwa sauti, na benchi zima tunasikia. Mstari wa pili nimeshaujua. Wa tatu nao. Wa nne bwana mmoja wa Ikungi aliukosea, akasahihishwa, kwa hiyo na huo ninao kamili. Sikukusudia! Masikio yangu ni mazima, nifanyeje? Nikifumba macho yote mawili naziona zimejipanga kama wanakwaya.

Anayo taa yake ya bluu, ndiyo, inaona kidonda. Lakini haioni ninachokiona mimi. Akiniuliza nisome, nikasoma mpaka mstari wa nne, atafurahi. Janeth atafurahi. Saa saba niko Issuna. Na mimi sitajua kama lililosoma ni jicho au sikio.

Mmoja mbele yangu.

Nimemwambia Janeth: tukiingia, mwambie daktari nimeshakariri ubao. Akaendelea kukunja kitambaa chake.

"Una mdomo, Baba Peniel. Mwambie mwenyewe."

Wanaliita jina langu, zima. Naandika nimesimama. Akianza na la kushoto nitamwambia kabla sijafungua mdomo kusoma. Ila akianza na la kulia, nikazisoma zote vizuri, kihalali kabisa, kuzijua kukawa si kosa tena, halafu akasema haya baba, sasa na hili lingine —